Vipimo vya mwili na mavazi ya zimamoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa askari wa zimamoto wenyewe, kwa watunza stoo wanaogawa vifaa kinga, na kwa maofisa ugavi wanaoviagiza. Askari wengi hupewa koti lililobaki rafuni na kuambiwa watalizoea. Koti la moto halizoeleki. Ama limekaa, ama halijakaa.

Saizi ya koti ina uhusiano gani na kuungua? Si ni suala la kujisikia vizuri tu?

Koti la zimamoto lina matabaka matatu: kitambaa cha nje kinachokabiliana na moto, kizuizi cha maji katikati, na bitana nene ya ndani inayozuia joto. Kati ya matabaka hayo, na kati ya bitana na shati lako, kuna hewa. Hewa hiyo iliyotulia ni sehemu ya kinga sawa na nguo yenyewe. Koti likibana, hewa hukamuliwa ikatoka, na joto hupata njia fupi ya kuifikia ngozi. Ndiyo maana mabega yaliyo chini ya mikanda ya mtungi wa hewa, na magoti unayotambalia, ni sehemu za kuangaliwa sana. Viwango vya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, vinataka sehemu hizo mbili zipimwe peke yake, zikiwa zimekandamizwa.

Ngozi haihitaji joto kubwa ili iumie. Ikifika nyuzi 44 za Selsiasi maumivu huanza. Ikikaribia nyuzi 55 malengelenge huinuka. Ndani ya chumba kinachowaka, hewa ya usawa wa kichwa inaweza kufika mamia ya nyuzi. Kinachokutenganisha na joto hilo ni milimita chache za nguo na hewa.

Basi si bora kuchukua kubwa, ili hewa iwe nyingi?

Hapana. Koti kubwa mno lina matatizo yake, na mengine ni mabaya kuliko ya koti linalobana. Mikono mirefu hufunika viganja na kuharibu mshiko wa mpira wa maji. Pindo na shingo hubaki wazi, moshi na mvuke vikapenya. Suruali ikipwaya, pedi ya goti huteleza hadi kwenye muundi, na unapotambaa goti lako linagusa sakafu ya moto bila pedi. Msamba ukining'inia chini, huwezi kupanda ngazi kwa hatua kamili. Kumbuka pia uzito: vazi zima pamoja na mtungi ni takribani kilo 20 hadi 25. Kila kitambaa cha ziada unachokiburuta kinakula nguvu na pumzi, na hewa ya mtungi ina mwisho.

Kuna S, M, L na XL. Kwa nini tupimwe mmoja mmoja?

Kwa sababu watu wawili wenye kifua cha sentimita 104 wanaweza kutofautiana urefu wa mkono, kiuno na mgongo kwa sentimita nyingi. Herufi moja haibebi vipimo vinne. Makoti ya Marekani huandikwa kifua, urefu wa mgongo na urefu wa mkono kwa inchi, kila kimoja peke yake. Suruali huandikwa kiuno na urefu wa ndani ya mguu. Yale ya Ulaya, yanayofuata kiwango cha EN 469, huwa na kichoro kidogo cha mtu kwenye lebo, kikionyesha urefu wa mvaaji na kifua au kiuno chake kwa sentimita. Namba hizo ni za mwili wa mvaaji, si za nguo. Wengi hulipima koti lenyewe kwa futi, wakashangaa halilingani na lebo.

Wala usimuulize askari, "Unavaa saizi gani?" ukaandika jibu lake. Atakutajia saizi ya jinzi aliyonunua sokoni, na kila kiwanda cha jinzi kina namba zake.

Viwanda vilipata wapi vipimo vya mwili wa askari wa zimamoto?

Kwa miaka mingi havikuwa navyo. Watengenezaji wa Marekani walitegemea zaidi vipimo vya wanajeshi, hasa upimaji mkubwa wa jeshi la nchi kavu wa 1988. Mwanajeshi kijana wa miaka ishirini na kitu, anayelazimika kutunza uzito fulani, si sawa na askari wa zimamoto wa miaka 45 aliyejaa kifua na mabega.

Taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya nchi hiyo, NIOSH, iliamua kuwapima askari wa zimamoto wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalihusu watu 951: wanaume 863 na wanawake 88. Ilionekana kwamba wanaume hao walikuwa wazito kuliko wanaume wa kawaida wa Marekani kwa wastani wa kilo 9.8, na wanawake walikuwa warefu kuliko wenzao wa kawaida kwa wastani wa milimita 29. Sehemu ya juu ya mwili nayo ilikuwa kubwa zaidi. Vazi lililokatwa kwa kufuata raia wa kawaida, au mwanajeshi wa miongo iliyopita, lingewabana watu hawa kwapani na mgongoni hata kama tumbo limeenea vizuri.

Utafiti huo haukuishia kwenye nguo. Upana wa viti vya magari ya zimamoto na urefu wa mikanda ya viti vilichunguzwa pia, kwa sababu mtu aliyevaa vazi zima huchukua nafasi kubwa zaidi kitini. Mkanda usiofika haufungwi.

Miili yetu Afrika Mashariki inafanana na hiyo?

Kwa wastani, hapana, na tofauti si ya unene peke yake. Wataalamu wa vipimo vya mwili hulinganisha urefu wa mtu akiwa ameketi na urefu wake akiwa amesimama. Watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara, kwa wastani, wana kiwiliwili kifupi kidogo na miguu na mikono mirefu zaidi kuliko Wazungu wa urefu uleule. Watu wa Asia Mashariki wako upande wa pili. Kwa hiyo koti lililokatwa Ulaya linaweza kukutosha kifuani huku mikono ikiishia juu ya kifundo, na suruali ikatosha kiunoni huku mguu ukiwa mfupi na msamba ukiwa chini mno.

Haya ni mambo ya wastani tu. Konstebo aliye mbele yako anaweza kuwa kinyume kabisa. Chukua futi, mpime.

Nipimwe sehemu gani, na kwa namna gani?

Futi ya fundi cherehani inatosha, ile laini, isiyovutika kwa uchakavu. Mpimwaji avae sare nyepesi anayoivaa chini ya vazi la moto. Asivae sweta wala jaketi, na atoe simu na funguo mifukoni. Asimame wima, apumue kawaida. Watu huvuta tumbo ndani wakipimwa. Subiri atoe pumzi.

Kifua hupimwa chini ya makwapa, futi ikipita sehemu iliyojaa zaidi na ikiwa sambamba na ardhi mgongoni. Hapo ndipo futi huteremka bila mpimaji kuona, kwa hiyo awepo mtu wa pili nyuma. Kiuno kipimwe pale suruali ya moto itakapokaa, karibu na kitovu, si chini ya tumbo alikozoea kufunga mkanda wa jinzi. Hili peke yake hubadilisha saizi kabisa kwa mwenye kitambi. Nyonga hupimwa sehemu pana kuliko zote.

Mkono ndio unaokosewa zaidi. Anza katikati ya mgongo, kwenye mfupa unaochomoza chini ya shingo, pita juu ya bega, shuka hadi kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo. Ukipima mkono ulionyooka kutoka begani tu, koti litapanda mara askari atakaponyanyua shoka. Ndani ya mguu pima kutoka msamba hadi kifundo, na kwa heshima ya mpimwaji mwachie ashike mwanzo wa futi mwenyewe. Ongeza shingo, paja, urefu wa mwili, na mzingo wa kichwa juu kidogo ya nyusi.

Mwanamke apimwe na mwanamke mwenzake. Kituo kisipokuwa naye, aitwe kutoka kituo cha jirani.

Nimelivaa koti na suruali. Nitajuaje kama vimekaa?

Kusimama mbele ya kioo hakusaidii. Kanuni za NFPA zinataka koti na suruali vipishane kwa angalau sentimita 5, matabaka yote, katika mikao miwili: kwanza umesimama umenyoosha mikono juu kadiri uwezavyo, viganja pamoja, kisha katika mkao huohuo ukiinama mbele nyuzi 90, kando na nyuma. Hujavaa mtungi. Mwenzako aangalie mgongoni. Fulana ikionekana, au pindo la koti likiachana na suruali, koti ni fupi.

Mimi huongeza mambo yasiyoandikwa kwenye kanuni hiyo. Tambaa mita kumi kwa magoti, uone pedi ziko wapi. Panda ngazi. Mbebe mwenzako. Vaa mtungi, funga mikanda yote, kisha nyanyua mikono tena. Na fanya hayo yote na glavu zako mwenyewe, kwa sababu ngozi ya kifundo cha mkono hufichuka pale glavu na mkono wa koti vinapoachana, jambo ambalo huwezi kuliona ukivaa kimoja kimoja.

Mimi ni askari wa kike. Nimeambiwa nichukue saizi ndogo ya kiume. Ni sawa?

Si sawa, dada, na hauko peke yako. Ripoti ya Marekani ya 2008 kuhusu wanawake katika zimamoto ilionyesha kwamba karibu wanawake 80 kati ya 100 walioulizwa walikuwa na matatizo ya vifaa visivyowakaa. Kwa wanaume walikuwa kama 21 kati ya 100.

Mwili wa mwanamke si wa mwanamume uliopunguzwa. Suruali ya kiume inayomtosha nyonga itampwaya kiunoni, na akikaza mikanda ya mabegani ili isishuke, msamba unampanda na hatua inafupika. Koti linalofunga kifuani linapwaya mabegani, mikono inashuka. Glavu ndogo ya kiume ina vidole vinene kwa mkono mwembamba. Viwanda vikubwa vina mikato ya kike. Ombi lako liandike, uambatanishe vipimo vyako, litaje waziwazi mkato wa kike, na ubaki na nakala yenye sahihi ya mpokeaji. Ombi la mdomo husahaulika bajeti inapofika.

Barakoa ya hewa nayo ina saizi?

Ina saizi, na hapa ndipo ningeweka shilingi ya kwanza kama fedha ni kidogo. Barakoa isiyogusa uso sawasawa huvujisha. Ni kweli kwamba vifaa vya sasa husukuma hewa nje ili moshi usiingie, lakini uvujaji humaliza mtungi mapema, na ukihema kwa nguvu shinikizo la ndani linaweza kushuka kwa muda mfupi.

Sheria ya usalama kazini ya Marekani inataka kila mvaaji afanyiwe jaribio la barakoa, yaani kuangalia kama inaziba usoni mwake bila kuvuja, kabla ya kuanza kuitumia, kisha kila mwaka, na kila anapopewa aina nyingine. Kwa barakoa ya uso mzima inayopimwa kwa mashine, chembe za hewani zilizo nje ya barakoa zinapaswa kuwa angalau mara 500 ya zilizo ndani.

Vipimo vya uso navyo vina historia. Kundi la watu waliotumiwa zamani kujaribia barakoa lilipangwa kwa kufuata vipimo vya wanajeshi wa anga vya mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2003 NIOSH ilipima nyuso za wafanyakazi 3,997 wa jinsia zote mbili na asili mbalimbali, na ikapanga upya makundi kwa urefu na upana wa uso. Tofauti zilionekana wazi: Wamarekani Weusi, kwa wastani, walikuwa na pua pana zaidi na midomo mirefu zaidi kuliko Wazungu. Kwa hiyo kituo chenye saizi moja tu ya barakoa kina askari ambao hawajakingwa, hata kama hakuna aliyelalamika.

Ndevu je? Wengine wetu tunazifuga kwa ajili ya dini, wengine tunatoka vipele tukinyoa.

Mahali mpira wa barakoa unapogusa ngozi hapatakiwi kuwa na nywele, hata zile fupi za siku moja. Hili halina njia ya mkato. New York, askari Weusi wenye ugonjwa wa vipele vya ndevu walikishtaki kikosi chao wakitaka waruhusiwe kubaki na ndevu fupi. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa iliamua dhidi yao, kwa sababu kanuni ya usalama kazini hairuhusu nywele kwenye mstari wa barakoa.

Mwenye vipele amwone daktari wa ngozi. Mashine isiyokata hadi ndani ya ngozi husaidia wengi. Mwenye kufuga kwa imani azungumze na viongozi wake wa kazi apangiwe jukumu lisilo la kuvaa barakoa: kuendesha gari, kusimamia pampu, ukaguzi wa majengo, mawasiliano. Ni kazi za heshima zinazookoa watu vilevile.

Na nywele za kusuka au hijabu?

Nywele za bandia, nyingi zikiwa za nyuzi za plastiki, hulainika na kuyeyuka kwenye joto, na zikiyeyuka hushika ngozi. Fundo kubwa nyuma ya kichwa pia huinua helmeti na kulegeza mikanda ya barakoa. Suka nywele zako mwenyewe, zilale chini, zifunikwe zote na kofia laini ya moto. Hijabu iwe ya pamba au ya kitambaa kisichoshika moto, nyembamba, na ukingo wake usipite chini ya mpira wa barakoa. Baada ya kuvaa, mwenzako apitishe kidole kuzunguka uso kuhakikisha mpira unagusa ngozi tupu kote.

Miwani?

Fremu zenye mikono ya masikioni huinua mpira wa barakoa usigusane na ngozi. Kuna fremu maalumu zinazofungwa ndani ya barakoa, agiza hizo.

Kofia ile laini ya shingoni ni ya nini hasa, ikiwa helmeti na kola vipo?

Inafunika masikio, taya na shingo, ngozi laini ambayo hakuna kifaa kingine kinachoifunika vizuri. Tangu 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na masizi yanayotua shingoni ni njia mojawapo ya sumu kuingia mwilini. Tundu la uso likilegea kwa kuvutwavutwa, kofia hiyo imekwisha kazi yake. Badilisha.

Glavu nizijaribuje?

Pima mzingo wa kiganja bila kidole gumba, na urefu kutoka mwanzo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Katika saizi za Ulaya, namba 8 ni mzingo wa milimita 203 na urefu wa 182; namba 9 ni 229 na 192. Kisha vaa, okota sarafu sakafuni, funga fundo la kamba, zungusha kitufe cha redio. Ukilazimika kuvua glavu ili ufanye hayo hapa kituoni, utazivua na kwenye moto.

Buti?

Pima miguu yote miwili jioni, ikiwa imevimba kidogo kwa kazi ya siku, ukiwa na soksi nene, na ufuate mguu mkubwa. Kisigino kisinyanyuke unapopanda ngazi.

Fundi wetu wa mtaani anaweza kupunguza mikono au miguu ya vazi?

Tafadhali, hapana. Uzi wa kawaida wa cherehani ni poliesta, na poliesta huyeyuka kwenye nyuzi kama 250 hadi 260. Mshono unaachia wakati kitambaa chenyewe bado kizima. Pili, sindano ikitoboa kizuizi cha maji, kila tundu ni njia ya maji na mvuke. Kiwandani mishono hiyo huzibwa kwa utepe maalumu na joto. Marekebisho yafanywe na mtengenezaji au karakana aliyoiidhinisha.

Tumepokea shehena ya msaada, mavazi yaliyotumika. Tugaweje?

Kwanza tenganisha yasiyofaa. Soma tarehe ya kutengenezwa: kanuni ya NFPA ya utunzaji wa mavazi haya inataka vazi liondolewe kazini likifikisha miaka 10, hata kama linaonekana zima. Fungua koti uone kama bitana ni ya koti lilelile. Katika shehena zilizochanganywa, bitana ya saizi moja huwekwa ndani ya ganda, yaani kitambaa cha nje, la saizi nyingine, na hapo mikono ya ndani huishia mahali ganda linapoendelea peke yake bila kinga. Yaliyochanika au yasiyo na bitana yasiingie hata kwenye mafunzo ya moto halisi.

Yaliyobaki yaandike moja moja kwenye daftari: kifua, mkono, kiuno, ndani ya mguu. Orodha ya vipimo vya askari iwekwe kando, na kila vazi liende kwa mwili unaolingana nalo, si kwa cheo. Afande mkuu asiyeingia ndani ya moto hahitaji koti jipya kuliko konstebo anayeshika mpira mbele.

Vipimo vikishachukuliwa vinadumu muda gani?

Mwaka mmoja, kisha pima tena wakati wa jaribio la barakoa ili usiwaite watu mara mbili. Pima mapema zaidi kama mtu ameongezeka au kupungua uzito, amefanyiwa upasuaji wa tumbo au uso, amepoteza meno ya mbele, au amejifungua. Askari mjamzito asilazimishwe kuingia kwenye vazi linalobana tumbo. Apangiwe kazi nyingine mara anapotoa taarifa.

Tunaandika zabuni ya vifaa vipya. Tuweke nini kuhusu saizi?

Ambatanisha jedwali la vipimo vya kila askari kwa namba yake ya kazi, bila jina. Mtake mzabuni alete seti za kujaribia za saizi zote, za mkato wa kiume na wa kike, na awapime askari kituoni kabla ya kiwanda kukata kitambaa. Taja barakoa katika saizi zisizopungua tatu. Weka kipengele kinachosema kwamba vazi lisilofaulu jaribio la kunyanyua mikono na kuinama litabadilishwa kwa gharama ya mzabuni, na uweke muda wake, siku 60 kwa mfano. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya askari wa mwisho kusaini kwamba lake limemkaa.